Karantini ya Watoto

Jumatatu, 9 Septemba 1957

Muhula wa tatu umefunguliwa leo, na mvua nayo imefunguliwa, inaingia kwenye matundu yale yale ya bati niliyolalamikia mwezi wa tano. Wanafunzi arobaini na mmoja, chumba kimoja, mwalimu mmoja. Nimeanza daftari hili kwa sababu sina mtu wa kugombana naye. Watu wa shamba hili ni Wakipsigis na Wanandi. Mimi ni Hiram, mtoto wa landhi, nyumba za wafanyakazi wa reli, Nakuru, baba yangu fundi wa breki kutoka Maragoli. Tunaelewana kwa Kiswahili, basi nitagombana kwa Kiswahili.

Darasa la Nne wako sita. Wa kutegemewa ni mmoja tu, Jerop, anayelelewa na nyanya yake Chepchirchir katika laini ya juu ya nyumba za wafanyakazi. Mtihani ni tarehe 12 Novemba, Njoro. Atakayepita ataenda shule ya kati. Jerop ametimiza miaka kumi na miwili, na Januari mwenye shamba atamwandikia kadi ya kazi. Mwenye kadi hasomi, anachuma maua ya pareto, ya dawa ya wadudu. Kwa hiyo ni mwaka huu au basi tena.

Alhamisi, 12 Septemba

Watoto wanne wanakohoa. Gazeti la karani Shariff linasema homa mpya ilishuka Mombasa na meli, na sasa iko Nakuru.

Jumanne, 17 Septemba

Bwana Saa, mwenye shamba, ameifunga shule. Watu walimpa jina hilo kwa sababu hawezi kumaliza sentensi bila kutazama saa yake ya mfukoni. Alisimamisha Land Rover mlangoni, hakuzima injini, akanirushia barua ya Kiingereza kutoka ofisi ya afya.

"Skuli funga," alisema. "Wewe geuza hii Kiswahili, soma Jumapili kwa watu yote."

Akatazama saa, akaondoka. Watoto walikuwa katikati ya kugawanya kwa desimali. Jerop hakuinua hata kichwa. Alimaliza hesabu yake, akapiga mstari chini ya jibu, ndipo akafunga daftari.

Nimeitafsiri barua mchana kutwa. Neno moja lilinisumbua. Niandike kutenga? Kuzuia? Mwishowe nikaandika karantini, kama tulivyosoma chuoni habari za meli zinazongojeshwa nje ya bandari. Neno lina uzito, linafanana na serikali. Nikalipigia mstari kwa wino mwekundu. Sikumwuliza mtu.

Jumapili, 22 Septemba

Nimesoma barua barazani, mbele ya ghala. Maneno yangu ni haya: "Kuna homa kali inayoshika mapafu. Watoto wa shule wamewekwa karantini. Wagonjwa watatengwa na wazima. Afisa atakuja kuwahesabu wagonjwa. Anayeficha mgonjwa ataadhibiwa."

Nilingoja maswali. Kimya. Hata Kiplangat nyapara, ambaye kwa kawaida hurudia kila neno kwa sauti ya juu kama kwamba watu ni viziwi, leo alitazama viatu vyake. Nyanya Chepchirchir aliinuka kabla sijamaliza, akamshika Jerop mkono, wakaenda zao.

Nimerudi nyumbani nimekasirika. Mtu anaambiwa kuna ugonjwa unaoua, anaondoka kama aliyeambiwa mkutano umeahirishwa! Watu hawa hawashtuki na chochote.

Jumatatu, 23 Septemba

Sasa nimeelewa kwa nini Bwana Saa alikuwa na haraka.

Asubuhi nimesikia sauti za watoto, nikadhani wamekuja shuleni kwa kusahau. Hapana. Walikuwa mauani. Pareto imechanua yote kwa pamoja, shamba jeupe mpaka kwenye mianzi, na watoto wangu, hata wa Darasa la Kwanza, wamefungwa vikapu kiunoni, bega kwa bega katika mistari. Nimehesabu thelathini na wanne. Niliwafuata baadhi yao mpaka nyumba ya kukaushia. Humo ndani moto unawaka siku nzima na mlango hufungwa ili joto lisitoke. Watoto tisa walikuwa wakigeuza maua kwenye trei, vumbi limejaa, kila mmoja anampigia mwenzake chafya usoni.

Nikamwendea Bwana Saa. Nilimwuliza kwa adabu (kwa nini kwa adabu?) kwa nini darasa langu lenye madirisha manne lina ugonjwa, na nyumba yake isiyo na hata moja haina.

"Skuli iko lazima kukaa pamoja," alinijibu. "Hii iko kazi. Mtu ya kazi hapana gonjwa."

Akatazama saa. Ningekuwa na nguvu ningemmezesha ile saa pamoja na mnyororo wake.

Jumanne, 24 Septemba

Mvua.

Alhamisi, 26 Septemba

Nimeandika barua kwa Afisa wa Elimu. Nimempelekea Shariff aipige chapa. Shariff ni mtu wa Nakuru mjini, babu yake alitoka pwani, na ndiye peke yake hapa anayenikaribisha kahawa. Aliisoma mpaka mwisho, akaiweka mezani.

"Unataka shule ifunguliwe?"

"Ifunguliwe kesho!"

"Na homa?"

"Homa si iko kwenye maua tayari? Afadhali waugue wakiwa wanasoma."

"Hiyo ni hasira, Mwalimu, haijakuwa sababu," alisema taratibu. "Mimi dada yangu kule Bondeni amelazwa, mapafu yamejaa maji. Mtoto wake alimletea homa hiyo kutoka chuoni kwa maalimu wa Kurani. Ukiniuliza mimi, nitasema maua yafungwe. Wewe unasema shule ifunguliwe. Hayo si mambo mamoja."

Nikamwambia yeye hana mtoto anayengoja mtihani. Akaniuliza kama ninamlilia Jerop au ninalilia jina langu, maana shule hii haijawahi kumpitisha mtu. Sikumaliza kahawa.

Lakini barua aliipiga chapa, bila kosa hata moja.

Jumanne, 1 Oktoba

Ukungu mpaka saa sita. Watoto wanachuma bila kuonana. Unasikia kikohozi tu.

Ijumaa, 4 Oktoba

Jerop hayuko mauani tangu jana. Nyanya yake ameniambia amekwenda kwa shangazi Rongai. Hakunitazama aliposema hivyo. Mtihani umebakiza wiki tano na msichana anapelekwa kutembea! Nilimwambia mama huyo maneno ambayo mzee hapaswi kuambiwa.

Jumatano, 9 Oktoba

Afisa wa Elimu amejibu: nimpe idadi ya wagonjwa, nyumba kwa nyumba. Nimezunguka laini zote tatu na daftari la mahudhurio. Kila mlango jibu moja.

"Hapa hakuna mgonjwa, Mwalimu."

"Wote wazima."

"Hapana homa hapa."

Kiplangat mwenyewe alisimama mlangoni kwake, amejaza mlango mzima. "Andika sifuri," aliniambia. Nikamwuliza Sally yuko wapi, binti yake wa Darasa la Kwanza, yule anayeandika S kinyume na ukimrekebisha anacheka. "Amelala," akasema.

Nimeandika sifuri. Nimeandika kwa furaha, Mungu anisamehe. Barua yangu inasema: "Homa imekwisha katika shamba hili. Naomba shule ifunguliwe bila kuchelewa." Nimeweka sahihi na mhuri wa shule.

Ijumaa, 18 Oktoba

Kiplangat hakuja kazini asubuhi. Ni mara ya kwanza tangu nimjue. Alipokuja mchana buti zake zilikuwa na udongo mwekundu mpaka magotini. Nadhani alilewa akaanguka mtaroni. Anastahili.

Jumamosi, 19 Oktoba

Nimeshinda! Amri imetoka Nakuru: shule ifunguliwe Jumatatu. Bwana Saa alinipa karatasi kwa vidole viwili. "Wewe napenda barua sana," alisema. Ndiyo, bwana. Napenda sana.

Nimefagia darasa. Nimeandika ubaoni: zimebaki siku ishirini na nne.

Jumatatu, 21 Oktoba

Wamekuja kumi na tisa. Kumi na tisa! Jerop hayumo. Waliokuja wanakohoa kama injini za treni zinazopanda milima ya Mau, na kila nikimwita mtoto jina anashtuka, anatazama dirishani. Nikamwuliza mmoja anaogopa nini. "Lori," akasema. Lori gani? Akainamia daftari lake.

Nimekuwa mkali kwao siku nzima. Kesho nitakwenda kwa nyanya Chepchirchir, na safari hii sitaondoka bila jibu.

Jumanne, 22 Oktoba

Nimekaa na kalamu muda mrefu. Naandika yote kama yalivyokuwa, bila kujipendelea.

Nilimkuta akipasua kuni. Nilianza kufoka hata kabla ya kumwamkia. Nilimwambia yeye na wenzake ndio wanaowapa wazungu haki ya kutudharau. Nilimwambia nimepigana peke yangu mwezi mzima ili mjukuu wake asome, naye anamficha. Nilisema neno hilo, anamficha, kwa hasira tu, bila kujua kwamba nimegonga penyewe.

Aliweka shoka chini.

"Mwalimu, si ni wewe ulisoma ile barua?"

"Ni mimi."

"Si ni wewe ulisema karantini?"

"Nilisema. Kwa hiyo?"

"Na sasa unauliza mimi kwa nini naficha mtoto?"

Nilimwambia sielewi. Alinitazama, nadhani ndipo alipoona kwamba kweli sielewi, na uso wake ukabadilika. Alinichukua mpaka zizi la ndama. Mlango wa zizi ni ubao mpana uliopakwa chokaa zamani, na juu yake herufi nyeusi zimefifia: KARANTINI.

"Mimi sijui kusoma," alisema. "Lakini hii naijua sura yake. Ilikaa kwa lango mwaka juzi, mwaka mzima. Ng'ombe yetu ilishikwa na homa ya mapafu. Bwana wa mifugo akasoma barua, hapo hapo kwa ghala, pahali wewe ulisimama. Akasema: wagonjwa watatengwa na wazima. Akasema: tutahesabu. Akasema: mwenye kuficha atafungwa. Tukatoa wagonjwa, sisi ni watu wa kusikia. Wakatia kwa lori, wakapeleka kwa shimo pale chini, wakapiga risasi yote. Ng'ombe ya Bwana Saa ilidungwa sindano. Yetu ilipigwa risasi. Kumi na saba, Mwalimu. Mimi zangu mbili."

Mapafu. Kutengwa. Kuhesabiwa. Nilikuwa nimewasomea neno kwa neno. Mimi mtoto wa reli, sijawahi kuchunga hata mbuzi, nilisimama barazani nikawaambia wazazi kwamba watoto wao watahesabiwa na kupigwa risasi. Kisha nikakasirika kwa kuwa hawakuuliza maswali.

"Lakini nyinyi mlidhani kweli serikali inaweza kuua watoto?" nilimwuliza.

"Hatukudhani," alinijibu. "Hatukutaka kujaribu."

Alinipeleka juu, saa nzima ya kupanda, ndani ya mianzi. Kuna kibanda cha wachoma makaa wa zamani. Ndani kulikuwa na watoto kumi na mmoja, moto mmoja, blanketi nne, na vikongwe wawili wa kuwalinda. Mvua ilikuwa inapita kwenye majani. Hawa ndio sifuri yangu.

Jerop alikuwa pembeni, midomo imekauka, pumzi fupi fupi. Macho yake yalinijua. Alikuwa na daftari la hesabu chini ya kichwa.

Nilimtafuta Sally. Kikongwe mmoja alinionyesha nyuma ya kibanda. Alizikwa Ijumaa na baba yake. Hakuna msalaba, hata jiwe, kusudi kaburi lisije likahesabiwa. Udongo ni mwekundu.

Nimeandika kwamba Kiplangat alilewa. Iko hapo juu, kwa mwandiko wangu. Sitaifuta.

Jumatano, 23 Oktoba

Nimemkasirikia kila mtu katika daftari hili. Leo zamu yangu.

Ningeandika "wakae nyumbani" tu! "Watoto wakae nyumbani, wapumzike, mtu asiwatoe." Hata mtoto wa Darasa la Pili angeandika vizuri zaidi. Lakini nilitaka neno lenye uzito.

Sasa nina njia mbili. Nikinyamaza, shule itabaki wazi. Jerop akipata nafuu atafanya mtihani, na hakuna atakayejua ile sifuri ilikuwa uongo. Lakini wale kumi na tisa wanabanana bega kwa bega kila asubuhi kwa sahihi yangu, na wa mianzini hawatapata daktari, kwa sababu kwa karatasi hawapo. Nikisema kweli, shule itafungwa, na mtihani utakwenda na maji.

Nilikwenda kwa Shariff. Hakunikumbusha aliyoniambia. Alitia karatasi kwenye mashine akasema, "Sema, nitapiga."

Nikasema: barua yangu ya tarehe 9 haikuwa kweli. Wagonjwa ninaowajua ni kumi na mmoja, aliyekufa mmoja. Naomba daktari wa watu. Naomba shule ifungwe, na pareto ifungwe kwa watoto siku hiyo hiyo. Hasira ilikuwa imetulia kidogo, imepata mahali pa kukaa.

Barua itachukua siku tano. Na kesho watoto watarudi mauani, kwa kuwa mimi mwenyewe nimewaambia wale kumi na tisa wasije shuleni. Jioni hii nimekwenda zizini na koleo, nikang'oa mlango wa ndama.

Alhamisi, 24 Oktoba

Nimeupigilia ule ubao kwenye mlango wa nyumba ya kukaushia kabla ya kengele ya kazi, kwa misumari ya inchi nne. Kisha nikasimama pembeni.

Watu walikuja katika ukungu na vikapu vyao. Wa kwanza alisimama, na wa pili nyuma yake. Hakuna aliyelazimika kusomewa. Kiplangat alipita katikati yao mpaka mlangoni. Nilidhani atauvunja. Aliweka kiganja juu ya herufi.

Bwana Saa alifika. "Nini hii? Nyapara, ondoa! Watu yote, kazi!"

"Imeandikwa karantini, bwana," Kiplangat alisema. Hakupaza sauti.

"Hii ya ng'ombe!"

"Ndiyo, bwana. Sisi tulikuwa na ng'ombe."

Akavua kofia yake ya unyapara, ile yenye beji ya shaba, akaitundika kwenye msumari wangu mmoja uliochomoza. Akaondoka kuelekea laini ya juu. Watu wote wakamfuata, wakubwa kwa wadogo. Bwana Saa alitoa saa yake akaitazama, na kwa mara ya kwanza nilimwona haendi popote.

Ijumaa, 25 Oktoba

Hakuna aliyechuma. Maua yamezidi kufunguka, yanaanza kuwa rangi ya chai. Bwana Saa amepiga simu Nakuru. Kwa barua ya mwalimu ingechukua siku tano. Kwa maua yake daktari anakuja kesho kutwa.

Tumewashusha watoto wa mianzini migongoni. Mimi nilimbeba Jerop. Ni mwepesi kuliko mfuko wa chaki.

Jumatatu, 28 Oktoba

Daktari alikuja jana na msaidizi wake. Amewadunga sindano watoto saba, wawili wamepelekwa hospitali. Jerop amepata sindano yake na anakunywa uji.

Amri: mtoto yeyote asichume wala kuingia nyumba ya kukaushia mpaka mwisho wa mwaka. Shule ifungwe mpaka Januari. Mtoto asitoke shambani. Niliomba mmoja tu aruhusiwe kwenda Njoro tarehe 12, akae peke yake, nje, verandani, popote. "Ukimruhusu mmoja," daktari alisema. Ni mtu mwema, na alikuwa na haki. Nilichukia haki yake.

Nami nimeachishwa kazi, kwa barua ya uongo na kwa kuharibu mlango wa zizi.

Jumanne, 12 Novemba

Saa tatu kamili. Njoro sasa hivi wanafungua bahasha za mtihani.

Naandika nikiwa nimekaa juu ya sanduku langu, nangoja lori la maziwa. Shariff amenipa kahawa katika chupa. Kiplangat alikuja, akanipa mkono. Jana alipanda juu na msalaba wa mwerezi. Aliniomba nimwandikie jina. Nikaandika S kama Sally alivyoiandika, naye alielewa.

Jerop alikuja wa mwisho, na nyanya yake. Amekonda, gauni linamning'inia, lakini alipanda kilima bila kupumzika. Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi. Hakunipa nafasi.

"Mwalimu, mimi nimepona," alisema. "Nimepona tangu mwezi ulipoisha."

"Najua."

"Ningefanya leo."

"Najua, Jerop."

"Ningepita."

Nyanya yake alimgusa bega anyamaze, lakini mimi nilitaka aendelee. Ilikuwa haki yake kunikasirikia, na alikuwa anakasirika vizuri, macho makavu, sauti imenyooka. Sikumwambia kuna mwaka mwingine. Januari ana kadi ya kazi, na anajua.

Mfukoni nilikuwa na ufunguo wa shule. Bwana Saa alichukua mhuri, daftari la mahudhurio, hata kengele, lakini chumba kisichochumwa kitu hakukikumbuka. Akiniandikia nitamjibu kwamba ufunguo umepotea. Nimeshasaini uongo mkubwa zaidi ya huo.

Niliuweka kiganjani mwa Jerop. Aliutazama, akaugeuza upande wa pili. Hakusema asante. Aliuliza tu kama na kabati la vitabu linafunguka kwa huo huo.